Mlo wa Jioni Wakati wa Baridi: Chakula cha Moto, Nyumba Salama

Mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili jijini Johannesburg

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, jua la Johannesburg huzama kabla ya saa 12:00 jioni, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi sifuri. Katika miezi hii mlo wa jioni huwa zaidi ya kushiba. Ndio wakati ambapo familia hukusanyika, watoto hupata joto, na aliyeshinda kazini hurejesha nguvu. Lakini ndio wakati pia ambapo moto wa kupikia huingizwa ndani, madirisha hufungwa, na chakula kilichobaki huachwa juu ya jiko hadi asubuhi. Somo hili linaeleza jinsi familia inavyoweza kupika vyakula ilivyovizoea, kwa gharama ndogo, bila kuhatarisha maisha ya waliomo nyumbani.

1. Kwa nini maharage hukawia kuiva

Johannesburg iko juu, takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Johannesburg huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Aliyetoka Nairobi, ambayo iko juu karibu sawa na Johannesburg, hataona tofauti kubwa. Aliyetoka pwani atashangaa kuona maharage yaleyale yanakula mkaa au umeme mwingi zaidi.

Kuongeza moto chini ya chungu kinachokwisha kuchemka hakusaidii, kwa kuwa maji hayawezi kupata joto zaidi ya hapo. Linalosaidia ni muda, kuloweka, na mfuniko unaoziba vizuri. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya. Kwa maharage mekundu, ni lazima yatokote kwa nguvu kwa nusu saa au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharage hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika sana na kuumwa tumbo saa chache baada ya kuliwa. Joto dogo la muda mrefu, bila kutokota kwanza, haliondoi sumu hiyo.

2. Moto wa kupikia na hewa ya nyumba

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki jiko la mkaa hukaa uani au barazani, na nyumba yenyewe hupitisha hewa. Mazoea hayo hayana hatari kubwa huko. Hatari huanza pale jiko hilohilo, ambalo wenyeji wa Johannesburg huliita mbaula, linapoingizwa katika chumba kimoja cha ghorofani au kibanda cha uani, mlango ukafungwa, na familia ikalala huku mkaa ukiendelea kuwaka.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Wengi hudhani kwamba moshi ukiisha na mkaa ukawa mwekundu, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa sumu hiyo kwa wingi, na aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Kwa hiyo:
- Jiko la mkaa liwashwe nje na libaki nje. Lisiingizwe ndani hata kwa ajili ya kupasha chumba joto, na hata likionekana limezimika.
- Anayetumia jiko la mafuta ya taa au la gesi afungue dirisha wakati wote wa kupika, na alizime kabla ya kulala.
- Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja.
- Jiko likae mahali palipo sawa, na mishikio ya sufuria igeuzwe ndani, mbali na mikono ya watoto.

Kwa joto la usiku, ni salama zaidi kula chakula cha moto, kuvaa nguo kadhaa, na kulala pamoja chini ya mablanketi, kuliko kulala na moto.

3. Chungu kinachoiva bila moto

Ipo njia ya kupika kwa muda mrefu bila kuchoma mkaa wala umeme kwa muda mrefu. Chungu kinachotokota kikifunikwa vizuri na kuzungushiwa mablanketi ndani ya kikapu au sanduku, hubaki na joto kwa saa nyingi, na chakula huendelea kuiva.

Mfano mzuri ni kande. Madukani Johannesburg huuzwa mahindi yaliyokobolewa na kupasuliwa, yaitwayo samp, na wenyeji huyapika pamoja na maharage kama ilivyo kande Tanzania au githeri Kenya. Familia ya watu watano au sita yaweza kufanya hivi:
- Jioni iliyotangulia: loweka vikombe viwili vya maharage na vikombe viwili vya samp, kila kimoja katika chombo chake.
- Kesho yake: mwaga maji, changanya, ongeza maji mapya hadi yafunike vizuri, kisha chemsha kwa nguvu kwa dakika 45.
- Bila kufunua mfuniko, weka chungu ndani ya kikapu chenye mablanketi, funika pande zote, na uache kwa saa nne au tano.
- Kabla ya kula: rudisha jikoni, ongeza kitunguu, nyanya, karoti na mafuta kidogo, kisha chemsha tena hadi kitokote.

Chungu kiwe kimejaa zaidi ya nusu, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka. Kikifunguliwa na kukutwa ni vuguvugu tu, si salama kukila wala kukihifadhi. Familia ambayo hakuna mtu nyumbani mchana yaweza kupika adesi au choroko, ambazo huiva upesi zaidi.

4. Sahani ya jioni

Baridi huwafanya watu kuongeza ugali na kupunguza mboga. Mwili unahitaji vyote. Kipimo chepesi ni hiki: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama.

Tangu Oktoba 2003, sheria ya Afrika Kusini inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa madukani uongezwe vitamini pamoja na madini ya chuma na zinki. Hivyo ugali wa hapa una faida, lakini hautoshi peke yake. Spinachi, kabichi, boga na karoti hupatikana wakati wa baridi. Sombe, matembele na dagaa hupatikana katika soko la Yeoville. Sombe mbichi itwangwe na kuchemshwa sana, kwa kuwa jani la muhogo lina sumu inayopungua kwa kutwangwa na kupikwa. Samaki wa kopo walioivishwa pamoja na mifupa yao laini huupa mwili madini ya kujenga mifupa.

Machungwa na machenza huiva msimu huuhuu. Kipande cha chungwa baada ya mlo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai hufanya kinyume chake. Ni vyema chai isubiri saa moja baada ya kula, hasa kwa wajawazito na watoto.

5. Kiporo

Jiko la nyumbani, hata likiwa baridi, si jokofu. Chungu kikubwa hukaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo ndio unaozalisha vijidudu. Wali ni wa kuangaliwa zaidi: vijidudu vyake huweza kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukipashwa moto tena. Chakula kilichobaki kigawanywe katika vyombo vidogo na kuwekwa kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Kiporo kipashwe mara moja tu, hadi kitoe mvuke kote. Umeme ukikatika, jokofu lisilofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi.

Ubaridi nao hauui kila kijidudu. Katika mlipuko wa ugonjwa wa listeria wa mwaka 2017 na 2018, zaidi ya watu 200 walifariki Afrika Kusini, wakiwemo watoto wachanga wengi. Chanzo kilikuwa soseji ya poloni, ambayo huliwa bila kupikwa. Kijidudu cha listeria hukua hata ndani ya jokofu, lakini hufa kwa moto. Mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wale chakula kilichopikwa na kikiwa bado cha moto.

6. Dalili zisizopaswa kungojewa

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito vikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, hasa karibu na moto, vidhaniwe kuwa ni sumu ya mkaa hadi ithibitike vingine. Watu wote watolewe nje, milango ifunguliwe, na gari la wagonjwa liitwe kwa namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Asirudi mtu ndani kuchukua vitu.

Hofu ya kukosa karatasi isimchelewesha mgonjwa. Kifungu cha 27(3) cha Katiba ya Afrika Kusini kinasema kwamba hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
- Usiku wa leo, moto wetu utazimwa na nani, na utalala wapi?
- Mafuta ya taa yetu yako katika chombo gani, na mtoto anaweza kuyafikia?
- Kila aliyemo nyumbani, pamoja na watoto, anazijua namba 10177 na 112?