Tamthilia ya Sauti na Sayansi Yake

Tarehe 23 Novemba 1963, televisheni ya BBC nchini Uingereza ilianza kuonyesha Doctor Who, mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi. Mhusika mkuu ni msafiri apitaye katika wakati na katika anga kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi. Mfululizo huo ulisimamishwa mwaka 1989, lakini waliouhusudu hawakuusahau. Mwaka 1999 kampuni ya Big Finish ilianza kutoa hadithi mpya za msafiri huyo kwa sauti tupu, zikiigizwa na waigizaji wa televisheni wenyewe. Mfululizo haukurudi katika televisheni mpaka mwaka 2005.

Kwa Tanzania Bara mambo yalikwenda kinyume. Vituo vya kwanza vya televisheni vilianza mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo, nyumba za Magomeni, Manzese na Mbagala zilifuata michezo ya Redio Tanzania Dar es Salaam kwa masikio tu. Je, hadithi yenye sayari za mbali na mitambo ya ajabu huwezaje kueleweka bila picha? Jibu limo katika tabia za sauti na uwezo wa sikio.

Jinsi sikio linavyotambua mahali

Sauti ni mtetemo unaosafiri katika maada. Katika hewa, mwendo wake ni kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Masikio ya mtu yametengana kama sentimeta 20. Kwa hiyo sauti itokayo kulia huweza kulifikia sikio la kulia kiasi cha sekunde 0.0006 kabla ya kulifikia la kushoto. Ubongo hutumia tofauti hiyo ndogo kujua upande sauti inakotoka.

Kuta nazo hutoa habari. Ukuta ulio umbali wa meta 17 huirudisha sauti baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio huusikia mwangwi peke yake. Ukuta ukiwa karibu zaidi, sauti iliyorudi huchanganyika na ile ya kwanza. Ndiyo maana darasa tupu huvuma, na chumba kilichojaa nguo na magodoro hakivumi: vitu laini hufyonza sauti. Mwigizaji akisema maneno yale yale katika vyumba hivyo viwili, msikilizaji ataona ukumbi mkubwa katika kimoja na kijumba finyu katika kingine.

Sauti ya chombo kisichokuwapo

Mwaka 1963 Brian Hodgson, fundi wa karakana ya sauti ya BBC, alikwaruza nyuzi za piano kwa ufunguo wa nyumba, akazinasa, kisha akazibadili kwa tepu. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sauti ya chombo cha msafiri. Kanuni moja ya kazi hiyo ni rahisi: tepu ikichezwa kwa nusu ya mwendo wake, idadi ya mitetemo kwa sekunde hupungua kwa nusu. Sauti ya hezi 440 huwa ya hezi 220, na hudumu muda maradufu.

Ukweli katika hadithi ya kubuni

Nje ya chombo cha angani hakuna hewa ya kupitisha sauti, kwa hiyo mlipuko wa huko hausikiki. Mtunzi mwangalifu humweka msikilizaji ndani ya chombo, ambamo mtetemo hupita katika chuma na hewa. Mazungumzo kati ya vyombo huletwa na mawimbi ya redio, yasiyohitaji maada. Hata hivyo mawimbi hayo huchukua muda. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilometa 384,000. Swali lililotumwa kutoka Temeke halitapata jibu la Mwezini kabla ya sekunde 2.6. Ukimya huo ni wa kisayansi, na humtia msikilizaji wasiwasi bila kelele yoyote.

Uangalifu huu una sababu. Mwezi Julai 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Hadi mwaka 1995 haukurushwa na mtambo wa Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika. Dodoma ilipoanza kuusikia, mabadiliko yalionekana huko pia. Msikilizaji huyachukua ya mchezo na kuyatumia maishani mwake, na kosa la kisayansi laweza kuchukuliwa vivyo hivyo.

Zoezi

1. Andikeni mchezo wa dakika mbili kati ya mtu aliye Mwezini na kituo kilichoko Mbagala. Unaseni kwa simu katika darasa tupu, kisha katika chumba chenye nguo nyingi. Wasikilizaji wafumbe macho na waandike mahali wanapodhani wahusika wapo.

2. Kwa nini sauti ya mtu anenaye ndani ya ndoo tupu hubadilika?

3. Sayari iko umbali wa kilometa milioni 90. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Mhusika aliyeuliza swali atangoje jibu kwa dakika ngapi?