SOMO LA MAKATIBU NA WATUNZA HESABU: DAFTARI LA PILI LA CHAMA

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili, katibu wa chama cha msingi ataweza kueleza kwa nini nakala ya kumbukumbu za chama huwekwa mbali na ofisi. Ataweza pia kufuatilia kazi ya seva ya nakala kila siku, kutafuta chanzo cha hitilafu kwa mpango, na kuthibitisha mbele ya Bodi kwamba nakala zilizowekwa zinaweza kurejeshwa.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi limo ndani ya kompyuta. Humo mna majina ya wanachama na hisa zao, uzito wa pamba, kahawa au tumbaku iliyopokewa ghalani, mikopo ya pembejeo, na malipo yaliyokwisha kutolewa. Daftari la karatasi lilikuwa na maadui wanaoonekana: mchwa, panya na mvua inayovuja paani. Daftari la kompyuta lina maadui wengine: radi, umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, virusi, wizi, na mkono wa karani unaofuta faili kwa bahati mbaya.

Historia ya ushirika nchini inaonyesha thamani ya kumbukumbu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kuanzishwa tena. Mabadiliko ya namna hiyo huhitaji makabidhiano ya mali na madeni, na makabidhiano hufanywa kwa daftari. Mwanachama ambaye jina lake halimo daftarini hana wa kumtetea ila stakabadhi yake, kama bado anayo.

2. Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Chama kimoja cha msingi katika kata ya Busawe, wilayani Serengeti, kinanunua pamba ya wanachama wake. Kila jioni karani anaingiza uzito katika kompyuta, na usiku kompyuta hiyo inapeleka nakala kwenye seva ya Chama Kikuu kwa njia ya mtandao. Kila asubuhi kioo kinaandika neno moja: "Imefaulu". Bodi inaridhika.

Mwezi Machi karani anahamisha vitabu vya msimu mpya na kuviweka katika folda mpya. Hakuna anayekumbuka kuibadili programu ya nakala. Msimu wa ununuzi unaanza, na kila usiku programu inaendelea kunakili folda ya zamani kwa uaminifu. Mwezi Julai radi inapiga jirani na ofisi na kompyuta inaungua. Katibu anaomba nakala kutoka Chama Kikuu, anapata hesabu za mwaka uliopita. Kilo za msimu mzima hazimo.

Chama hakina njia nyingine ila kuwaita wanachama waje na stakabadhi zao. Wanaokuja nazo wanaandikwa upya. Mjane mmoja, ambaye stakabadhi zake zimelowa maji ya mvua, anabaki kuapa mbele ya mkutano juu ya mizigo mitano aliyoileta ghalani. Wapo wanaomwamini na wapo wanaonung'unika kwamba kila mtu ataapa. Chama hakikuibiwa hata senti moja, lakini imani ya wanachama imevunjika.

Kosa liko wapi? Seva ilifanya kazi, mtandao ulifanya kazi, na programu ilisema kweli, kwani ilifaulu kunakili kile ilichoagizwa. Kosa ni kwamba kwa miezi minne hakuna aliyefungua nakala hata mara moja kutazama kilichomo. Hilo ndilo fundisho kubwa la somo hili: nakala ambayo haijajaribiwa kurejeshwa haijawa nakala, ni tumaini tu.

3. Seva ya nakala ni kitu gani

Seva ni kompyuta iliyotengwa kuzihudumia kompyuta nyingine katika mtandao. Seva ya nakala kazi yake ni kupokea, kupanga na kutunza nakala za mafaili. Nakala ni za aina mbili kuu. Nakala kamili huchukua kila kitu. Nakala ya nyongeza huchukua yale tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Ili kurejesha kwa kutumia nyongeza, ni lazima nakala kamili iwepo pamoja na nyongeza zote zilizoifuata. Mnyororo ukikatika pete moja, zinazofuata hazina msaada.

Mambo mawili huchanganywa na nakala. La kwanza ni seva yenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Mpango huo huokoa kazi diski moja inapokufa, lakini faili likifutwa, linafutwa katika diski zote mbili papo hapo. La pili ni folda inayolinganishwa kwa mtandao kati ya kompyuta mbili. Humo nako kosa la upande mmoja husafiri hadi upande wa pili. Nakala ya kweli huhifadhi hali ya jana na ya mwezi uliopita, hata kama ya leo imeharibika.

4. Kanuni ya tatu, mbili, moja

Wataalamu hufuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: kumbukumbu ziwe katika nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe mahali pengine. Kwa chama cha msingi, nakala ya kwanza ni ile ya kazi katika kompyuta ya ofisi. Ya pili ni diski ya nje inayofungiwa kabatini baada ya kazi. Ya tatu ni ile ya seva ya Chama Kikuu.

Hata mataifa yenye utaalamu mwingi yamejifunza kwa hasara. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha Serikali cha kutunza taarifa mjini Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi moja ya mafaili ya watumishi wa Serikali, yenye ukubwa wa terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Waliokuwa wamehifadhi mafaili yao humo peke yake hawakuwa na pa kukimbilia.

Diski inayofungiwa kabatini nayo ina sababu yake. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea kwa mitandao katika nchi zaidi ya 150, vikifunga mafaili kwa fumbo na kudai fedha. Hospitali nyingi za Uingereza zilikwama. Virusi vya namna hiyo hufunga pia nakala zilizounganishwa na kompyuta wakati huo. Diski iliyochomolewa haiwezi kufikiwa.

Kwa upande mwingine, kutegemea mtandao pekee hakufai. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, chama chenye diski kabatini kinaendelea kulipa wakulima.

5. Uendeshaji wa kila siku

Kwanza, katibu ajue uzito wa mzigo na upana wa njia. Mtandao wenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hupitisha takribani megabaiti 450 kwa saa. Nakala kamili ya gigabaiti 20 ingechukua zaidi ya saa 44, na mtandao ukikatika katikati huenda kazi ikaanza upya. Kwa hiyo nakala kamili ya kwanza ipelekwe kwa mkono katika diski ya nje hadi Chama Kikuu, na baada ya hapo nyongeza ndizo zisafiri kwa mtandao. Nyongeza ya siku yenye megabaiti 30 hupita kwa dakika 4 tu.

Pili, pawepo ratiba. Nyongeza ipelekwe kila siku baada ya kufunga hesabu, na nakala kamili mpya ifanywe katika diski ya kabatini kila mwisho wa wiki. Seva iagizwe kubakiza nakala 7 za siku, 4 za wiki na 12 za mwezi. Nakala ya kufunga mwaka isifutwe, maana mkaguzi wa hesabu ataihitaji.

Tatu, pawepo kitabu cha nakala, cha karatasi, chenye safu tano: tarehe, ukubwa wa nakala, matokeo, hitilafu iliyoonekana, na sahihi. Safu ya ukubwa ndiyo mlinzi. Wakati wa ununuzi nyongeza hukua. Ikiwa ghala linapokea mizigo kila siku na nyongeza inabaki sifuri, jambo haliko sawa hata kama kioo kinasema "Imefaulu". Chama cha mfano wetu kingegundua kosa lake katika wiki ya kwanza ya msimu.

6. Kutafuta chanzo cha hitilafu

Katibu asibahatishe, wala asiguse mambo matano kwa pamoja. Aanze karibu aende mbali, abadili jambo moja, ajaribu, kisha aandike kitabuni.

(a) Umeme. Je, kompyuta, ruta na seva zote zinawaka? Seva iwe na kifaa cha UPS kinachoipa muda wa kuzimwa kwa taratibu, maana kuzimika ghafla wakati wa kuandika huharibu mafaili.

(b) Njia. Je, waya umechomoka, au kifurushi cha intaneti kimekwisha? Kama kompyuta haifiki popote, kosa liko upande wa ofisi ya chama.

(c) Anwani. Kompyuta ikifika kwingine lakini isiifikie seva, iulizwe kwa amri ya "ping" kama seva inajibu. Seva isiyojibu si lazima iwe imekufa, kwani nyingine zimefungwa zisijibu amri hiyo. Basi apigiwe simu msimamizi wake. Huenda pia seva iliwashwa upya ikapewa anwani nyingine, na kompyuta za vyama zinabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni seva kupewa anwani ya kudumu.

(d) Ruhusa. Seva ikijibu lakini ikakataa kupokea, neno la siri limebadilishwa au muda wake umekwisha.

(e) Nafasi. Diski ya seva ikijaa, nakala mpya hazipokewi. Msimamizi apate onyo ikibaki sehemu moja ya tano, asingoje hadi mwisho.

(f) Saa. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi nyuma kwa miaka. Programu inayotafuta mabadiliko kwa tarehe itayaruka mafaili mapya, na mawasiliano ya siri yatakataliwa. Tarehe isahihishwe na betri ibadilishwe.

(g) Faili lililo wazi. Karani akiacha programu ya hesabu wazi usiku, faili linaweza kurukwa au kunakiliwa nusu. Programu ifungwe kabla ya saa ya nakala.

(h) Folda. Kila folda ya kazi inapohamishwa au kupewa jina jipya, orodha ya vinavyonakiliwa isahihishwe siku hiyohiyo.

7. Jaribio la kurejesha

Mara moja kila mwezi, katibu na mjumbe mmoja wa Bodi wachague kwa kura wanachama watano. Nakala kutoka seva irejeshwe katika kompyuta nyingine, kamwe isirejeshwe juu ya hesabu za kazi. Uzito na malipo ya wanachama hao yalinganishwe na stakabadhi za karatasi. Saa ya kuanza na ya kumaliza iandikwe, ili chama kijue kitachukua muda gani kusimama tena kikianguka. Mwisho wote wawili watie sahihi. Kabla ya msimu wa ununuzi kuanza, jaribio lifanywe kwa hesabu nzima.

8. Siri za wanachama

Nakala ni mali ya wanachama na ina siri zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo nakala zifungwe kwa fumbo. Ufunguo wa fumbo uandikwe, utiwe katika bahasha yenye lakiri, na utunzwe na Mwenyekiti mbali na diski yenyewe. Ufunguo ukipotea, nakala nayo imepotea.

Vyama vinavyotuma taarifa zao kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kupitia mfumo wa MUVU visidhani kwamba kazi imekwisha. Taarifa zinazotumwa hutokana na vitabu vya chama, na vitabu hivyo kuvitunza ni wajibu wa chama chenyewe.

9. Hitimisho

Seva, waya na programu hununuliwa kwa fedha. Uangalifu haununuliwi. Mwanachama aliyebeba pamba yake kichwani hadi ghalani hajui seva iko wapi, wala hana haja ya kujua. Anachotaka ni jina lake na kilo zake zikutwe siku ya malipo. Katibu anayefungua nakala kila mwezi kuhakikisha kwamba zimo, huyo anamtumikia mwanachama huyo. Mwanachama naye atunze stakabadhi yake mahali pakavu, kwani hiyo ni sehemu ya daftari la pili.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kompyuta ya chama chenu ikiungua usiku wa leo, ni kumbukumbu za tarehe gani zitakazopatikana kesho, na kutoka wapi?
2. Ni nani katika chama chenu anayejua kurejesha nakala? Asipokuwepo, ni nani mwingine?
3. Kitabu cha nakala kinaonyesha "Imefaulu" kwa siku kumi, na ukubwa wa nyongeza ni sifuri kila siku. Mtachunguza jambo gani kwanza?
4. Kama ninyi mngekuwa Bodi ya chama cha mfano, mngeamua nini juu ya mizigo mitano ya yule mjane, na kwa ushahidi gani?