Michezo Mifupi ya Kuwafundisha Watoto Kiingereza

Olenguruone ni mji mdogo ulio juu katika milima ya Mau, wilayani Kuresoi Kusini, upande wa magharibi wa Kaunti ya Nakuru. Hali ya hewa ni baridi, mvua hunyesha mara nyingi, na watu hulima chai, viazi na mahindi, tena hufuga ng'ombe wa maziwa. Mtoto wa huko akianza shule huwa amekwisha kujua lugha moja vizuri, nayo ni ile ya mama yake: Kikipsigis katika nyumba nyingi, Kikuyu katika nyingine, na katika baadhi ya nyumba lugha ya Waogiek, ambao ndio wenyeji wa zamani wa msitu wa Mau. Kiswahili hukisikia sokoni, katika magari na redioni. Lakini Kiingereza, kwa watoto walio wengi, hakisikiki mahali pengine po pote ila darasani.

Jambo hili lampasa mwalimu kulifikiri sana. Katika madarasa matatu ya kwanza kipindi kimoja ni dakika thelathini. Tuseme darasa lina watoto hamsini, maana tangu ada za shule za msingi zilipoondolewa mwaka 2003 darasa la namna hiyo si ajabu. Mwalimu akimwita mtoto mmoja mmoja asimame na kujibu, hata kama yeye mwenyewe hasemi neno, kila mtoto atapata sekunde thelathini na sita za kusema. Na kwa kuwa mwalimu husema sana kuliko wote, mtoto mwoga huweza kumaliza juma zima bila kutamka sentensi moja ya Kiingereza kwa kinywa chake. Hapo ndipo mchezo mfupi unapofaa. Wako wazazi wanaodhani kwamba darasa lenye kelele na vicheko ni darasa la mwalimu mvivu. Yafaa waelezwe kwamba katika mchezo ulioandaliwa vema watoto wote hamsini husema kwa wakati mmoja, na kila mmoja husema mara kumi au zaidi, kwa dakika tano tu.

Wazo hili si geni nchini Kenya. Mwaka 1957 Idara ya Elimu ilianzisha Kituo Maalumu jijini Nairobi, kikatengeneza njia mpya ya kufundisha kwa Kiingereza, kwanza kwa watoto wa Kiasia waliokuja shuleni na lugha zao mbalimbali, kisha kwa watoto wa Kiafrika. Njia hiyo ilitaka watoto watende, waimbe na kuzungumza badala ya kukariri tu. Ilifanya vizuri mahali ambapo mwalimu alifundishwa kuitumia. Ilipoenezwa upesi kuliko walimu walivyoweza kutayarishwa, nguvu yake ikapungua. Siku hizi mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, waagiza tena kwamba watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na Kiingereza kiwe somo mojawapo. Kwa hiyo mwalimu asione haya kueleza sheria za mchezo kwa Kiswahili au kwa Kikipsigis. Maelezo ya Kiingereza yasiyofahamika hula zile dakika tano zote, na mchezo wenyewe hauchezwi.

Na tuanze na mchezo ambao watoto wanaujua tayari. Karibu kila mtoto wa Kenya amecheza "Nyama, nyama, nyama": kiongozi hutaja mnyama, na kama nyama yake huliwa wote huruka na kuitika, kama hailiwi, hukaa kimya bila kutikisika. Mwalimu aweza kuugeuza kuwa wa Kiingereza asubuhi yenye ukungu, wakati vidole vya watoto vimekufa ganzi na kalamu haishikiki. Badala ya neno moja, kiongozi aseme sentensi nzima: "Goats eat grass." Ikiwa ni kweli, watoto waruke na kuirudia sentensi yote pamoja. Akisema "Cows eat stones," wanyamaze. Nasema iwe sentensi ya majani na mawe, si ya nyama, kwa sababu kuna nyama ambazo nyumba moja hula na nyumba nyingine hukataza kwa dini, na somo la Kiingereza si mahali pa kuamua shauri hilo.

Katika mchezo wa zamani, anayekosa hutolewa nje. Katika darasa usifanye hivyo kamwe. Anayekosa kwanza ndiye hasa anayehitaji kuendelea kusikia na kusema; ukimtoa, utabaki ukiwafundisha wanaojua. Heri anayekosa awe kiongozi wa zamu inayofuata. Atalazimika kutunga sentensi yake mwenyewe, na wenzake watamsaidia kwa kumnong'oneza, jambo ambalo katika mchezo si kosa.

Mchezo wa pili hutoka katika vitendawili. Watoto wa Kikuyu wanajua "Gwata ndaĩ", na wote wanajua "Kitendawili! Tega!" Mwalimu atie katika mfuko wa nguo vitu vichache ambavyo majina yake yamekwisha kufundishwa: kiazi, kijiko, gunzi la mahindi, jiwe. Mtoto mmoja atie mkono, ashike kitu asikitoe. Wenzake waulize, "Is it a spoon?" Naye ajibu, "No, it isn't," au "Yes, it is." Uzuri wa mchezo huu ni kwamba swali lina haja ya kweli. Mwalimu anapoinua kijiko mbele ya darasa na kuuliza ni kitu gani, kila mtu akiona ni kijiko, swali hilo si swali. Mtoto mwenye akili hujiuliza kama mwalimu haoni. Lakini kitu kilichofichwa humfanya mtoto atake kujua, na anayetaka kujua husahau kuogopa.

Ule ninaoupendelea kuliko yote ni wa tatu. Kila mtoto hupewa kitu kimoja kidogo, akifumbate katika kiganja ili mtu asikione: punje ya mahindi, haragwe, kijiwe au jani. Kazi yake ni kuwatafuta wote wenye kitu kama chake, kwa kuuliza mmoja mmoja, "Have you got a bean?" Jibu ni "Yes, I have," au "No, I haven't." Hakuna kuonyesha, hakuna kuchungulia, na hakuna kuuliza kwa lugha nyingine. Makundi manne yakikamilika, mchezo umekwisha. Siku ya jua uchezwe uwanjani. Ndani ya chumba chembamba, safu mbili za madawati zigeuke na kutazamana, watoto waulizane, kisha safu moja isogee nafasi moja. Mwalimu asikae mezani. Apite katikati yao, asikilize.

Mchezo huu una faida nyingine katika sehemu kama Olenguruone. Mwaka 1941 Serikali ya kikoloni iliwaweka huko jamaa za Wakikuyu waliotoka katika mashamba ya walowezi, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa imewafukuza, wengine wakapelekwa Yatta. Baadaye watu wa makabila mbalimbali walipata makao huko, nao watu wazima hawajasahau mapigano ya mwaka 1992, wala yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa hiyo makundi ya mchezo yasifanywe hata siku moja kwa kufuata lugha za nyumbani, wala kwa njia ya mkato ya kusema "wa upande ule dhidi ya wa upande huu" ikiwa kila upande umekaliwa na watoto wa ukoo mmoja. Punje ya mahindi haijui ukoo. Mtoto wa Kikipsigis na wa Kikuyu wakijikuta wote wana haragwe, basi wao ni watu wa haragwe kwa dakika tano, na Kiingereza si cha nyumba ya mmoja wao zaidi ya mwingine.

Sasa kuhusu matamshi. Katika lugha za Kikalenjin, Kikipsigis kikiwa mojawapo, sauti za p na b hazitenganishi maana ya maneno, wala t na d, wala k na g. Katika Kikuyu l na r hazitengani hivyo. Mtoto anayesema "big" akikusudia "pig" si mjinga wala mkaidi. Sikio lake halijaambiwa kwamba hapo pana sauti mbili. Mwalimu aanze na Kiswahili, ambacho watoto wanakisikia: "pata" na "bata", "tamu" na "damu", "kula" na "kura". Wakiisha kuona kwamba bata na pata si kitu kimoja, wapelekwe kwenye Kiingereza. Ukuta mmoja uwe wa "pig", wa pili uwe wa "big". Mwalimu atamke, watoto waonyeshe kwa kidole ukuta wanaodhani ndio. Kisha mtoto ashike nafasi ya mwalimu, naye aone kama wenzake wanaonyesha ukuta aliokusudia. Kipande cha karatasi nyepesi kikishikwa mbele ya midomo hutikisika kwa p ya Kiingereza, na kwa b hutulia. Watoto hupenda kujaribu hilo. Kwa l na r yako maneno "lice" na "rice", chawa na wali. Hapo darasa litacheka, na ni vema licheke; ila mwalimu aangalie kwamba wanalicheka neno, hawamcheki mwenzao.

Maana kicheko chaweza kuwa fimbo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, ameeleza jinsi katika shule za utoto wake watoto walivyopewa kifungo: aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alikipokea, naye alikitafutia mtu mwingine wa kumpa, na jioni wote waliokishika waliadhibiwa. Katika shule nyingi za Kenya desturi hiyo iliendelea kwa kibao cha kuvaa shingoni, kilichoitwa "monto" au diski. Ukiutazama vizuri, huo nao ulikuwa mchezo: ulikuwa na sheria, zamu na mshinde. Lakini ulifundisha nini? Mtoto alijifunza kupeleleza wenzake, na aliyekuwa na akili alijifunza kwamba usalama ni kunyamaza. Lugha haiingii katika kinywa kilichofungwa. Shule ikiwa bado ina kibao cha namna hiyo kabatini, mbao zake zafaa kuchorwa herufi.

Mtoto akikosea katikati ya mchezo, mwalimu asiusimamishe. Aliweke kosa moyoni, au aliandike katika kijitabu, na mchezo ukiisha aitamke sentensi iliyo sahihi, wote wairudie mara mbili, bila kumtaja aliyekosa. Makosa mawili kwa siku yatosha kusahihishwa. Anayetaka kusahihisha kumi hasahihishi hata moja.

Limebaki jambo la mvua. Mvua kubwa ikipiga mabati, sauti ya mwalimu haifiki hata dawati la pili, na walimu wengi huandika kazi ubaoni wakangoja ipite. Wakati huo wafaa mchezo wa vitendo bila sauti. Mtoto mmoja asimame mbele afanye kama anakama ng'ombe, au anachuma chai na kutupa majani katika kikapu cha mgongoni, au ananawa mikono. Kila mtoto amwambie jirani yake sikioni, "She is milking a cow," au "He is picking tea," na jirani akikubali, aitikie kwa kichwa. Asipokubali, aseme sentensi yake. Kisha mwalimu aonyeshe sentensi ubaoni. Hata katika kelele hiyo kila mtoto atakuwa amesema, tena sikioni mwa rafiki, ambapo mwoga hana la kuogopa.

Mwalimu mwenye kuanza asijaribu michezo yote kwa juma moja. Achague mmoja, aucheze siku tatu kwa maneno yale yale, na siku ya nne abadili maneno, sheria zikibaki zile zile. Na auache wakati watoto wangali wanautaka. Wakiomba "mara moja tu, Mwalimu," ndiyo saa ya kufungua vitabu; kesho wataingia darasani wakiuliza utachezwa lini.