Chakula cha Mbwa na Paka wa Shambani

Katika somo la mwezi huu tutaacha kidogo habari za ng'ombe na kuku, tuwatazame wanyama wawili ambao mkulima huwapa kazi kila siku lakini hawatengei chakula. Mbwa hulinda boma usiku, na paka hulinda ghala. Wote wawili aghalabu hulishwa mabaki: ukoko wa ugali, maziwa kidogo, na siku ya kuchinja, matumbo na maini mabichi. Chakula cha namna hiyo humdhoofisha paka polepole. Tena hayo maini mabichi yaweza kuwaletea watoto wa nyumba ile ugonjwa mbaya, kama tutakavyoona.

Tuanze na paka, kwa maana yeye ndiye anayelishwa vibaya zaidi.

Mkulima ashukaye katika stendi ya mabasi ya Machakos mjini Nairobi hatembei mbali kabla hajafika soko la Gikomba na mitaa ya Pumwani. Na apite huko awatazame paka. Katika Majengo wako wengi, kwa kuwa wenyeji wengi wa pale ni Waislamu ambao hawapendi mbwa aingie nyumbani, lakini paka ana ruhusa yake. Hakuna amwekeaye paka huyo sahani. Lakini wauzao samaki humtupia vichwa na matumbo ya samaki, wauzao nyama humtupia vipande, na panya hawakosi. Ijapokuwa hana mwenyewe, chakula chake ni kile kile ambacho mwili wake unakitaka. Paka wetu wa shambani ana mwenyewe, ana jina, analala jikoni penye joto, na anapewa ugali kwa maziwa.

Tofauti ni hii. Mwili wa binadamu, na wa mbwa pia, waweza kutengeneza vitu vingi kutokana na nafaka na mboga. Mwili wa paka hauwezi. Kwa mfano, kuna kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama, na hasa katika moyo na katika samaki. Kwa kawaida mbwa hujitengenezea chake mwenyewe. Paka hawezi kutengeneza cha kutosha, na katika unga wa mahindi hakimo kabisa. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa paka anayekikosa huharibika macho mpaka akawa kipofu. Mwaka 1987 wengine wakaonyesha ya kuwa moyo wake nao hutanuka na kulegea. Vitamini A ni vivyo hivyo: mbwa huipata katika karoti na mboga za majani, lakini paka sharti aipate katika mnyama.

Basi paka ni mla nyama, na hana hiari. Paka wa kilo 3 na nusu ahitaji kiasi cha gramu 150 za nyama au samaki kwa siku, kama hana chakula kingine. Panya mmoja mdogo wa nyumbani humpa kalori 30 hivi, naye ahitaji kama kalori 200, kwa hiyo hesabu inafika panya sita au saba kila siku. Shamba lenye panya wengi hivyo kila siku ya mwaka lina taabu kubwa kuliko ya paka! Kwa sababu hiyo ni lazima mkulima amwongezee.

Wako wasemao ya kuwa paka akilishwa hatakamata panya. Neno hili ni la zamani, lakini si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Mwenye njaa ndiye anayehama shamba na kwenda kutafuta mbali. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Charles Elton, alichunguza jambo hili katika mashamba ya kwao, akaandika habari zake mwaka 1953. Aliona ya kuwa paka hawakuweza kuwamaliza panya waliokwisha kujaa mahali. Lakini panya wakiisha kuondolewa kwa njia nyingine, paka waliofungwa na nyumba kwa kupewa maziwa kila siku waliwazuia wasirudi. Hapa kwetu ningetoa omena mahali pa maziwa, kwa kuwa maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Na ukitumia sumu kuwaondoa panya hao, mfungie paka kwanza, na panya waliokufa wafukie, maana paka alaye panya mwenye sumu aweza kufa naye.

Gikomba chakula cha namna hii ni rahisi kupatikana. Kuna omena wakavu kutoka Ziwa Victoria, na kuna mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Omena waoshe mchanga, uwachemshe, uwaponde pamoja na mifupa yao, ambayo ni laini na ina chokaa. Mgongo wazi uchemshe, ondoa nyama, tupa mifupa. Supu usiimwage, kwa kuwa ile taurini huyeyuka katika maji. Mpe paka na supu yake. Samaki mbichi si wazuri kwa kila siku, kwani baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1.

Mbwa ni mwepesi zaidi kulisha. Yeye aweza kula ugali, tena humpa nguvu, ila ugali peke yake haumjengi. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 atatosheka kwa gramu 150 za unga zilizopikwa pamoja na gramu 300 za matumbo au nyama za bei nafuu, kijiko cha mafuta, na kiganja cha sukuma wiki. Nyama haina chokaa ya kutosha, kwa hiyo ongeza nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa likawa unga. Kama huna matumbo, tumia omena na maharagwe yaliyoiva sana. Ukitumia omena na mifupa yao, ganda la yai halina haja. Gawa chakula mara mbili, asubuhi na jioni, na maji safi yawepo wakati wote. Mbwa afanyaye kazi nyingi, au anyonyeshaye, apewe zaidi. Kipimo kizuri ni mbavu zake: uziguse kwa vidole bila kuzitafuta, lakini usizihesabu kwa macho ukiwa mbali.

Usitie kitunguu wala kitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa, kwani vyote viwili huharibu damu ya mbwa na ya paka. Mabaki ya mchuzi wetu karibu yote yana kitunguu, na watu hawafikirii hilo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikawa na ncha kali, ikatoboa matumbo.

Sasa lile la maini mabichi. Yuko tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu, aishiye ndani ya matumbo ya mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na mavi ya mbwa, yakashika majani, maji, na manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo, mbuzi au ng'ombe akiyala, hufanyika vifuko vya maji katika maini na mapafu yake. Mbwa akila maini hayo mabichi, tegu huzaliwa upya ndani yake kwa maelfu. Na mtoto aliyemshika mbwa kisha akala bila kunawa aweza kumeza mayai yale yale, na vifuko vikakua ndani ya tumbo lake au mapafu yake kwa miaka mingi kabla ya kujulikana. Mara nyingi dawa yake ni kupasuliwa. Turkana ni miongoni mwa mahali duniani ambapo ugonjwa huu umeonekana kwa wingi kabisa. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili. Ananenepa na kubweka kama kawaida.

Nyama ya sokoni, kama ile ya soko la Burma kule Shauri Moyo, hupitia mikononi mwa mkaguzi kabla ya kupigwa muhuri. Hatari kubwa iko shambani kwetu, tunapochinja wenyewe kwa arusi au sikukuu, na mbwa wamekaa duara wakingoja. Wafunge mbwa kabla hujashika kisu. Ini au pafu lenye vifuko vya maji litupwe katika shimo refu na kufukiwa, au lichomwe moto. Matumbo mengine yachemshwe dakika 40 tangu maji yanapoanza kutokota. Ofisi ya mifugo ya kaunti itakuambia mbwa apewe lini dawa ya tegu. Mikono ya watoto na ioshwe.

Jambo lingine ni mahindi yaliyoota ukungu. Mkulima huyatenga na kusema, "Haya ni ya mbwa." Asifanye hivyo. Sumukuvu iliyomo haiondoki kwa kupikwa, nayo hulishambulia ini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Ini la mbwa si gumu kuliko letu.

Watoto wa mbwa na wa paka waanze kuonjeshwa chakula laini wakiwa na majuma manne, huku wakiendelea kunyonya. Wa mbwa wapewe uji mzito wenye omena waliosagwa. Wa paka wapewe samaki waliopondwa kwa supu, pasipo uji. Wapewe kidogo kidogo mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, kisha mara tatu mpaka miezi sita. Katika mwezi wa tatu wapelekwe wakachanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo irudiwe kila mwaka.