ASKARI WA AKIBA JUU YA FARASI

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina seng'enge upande wa mji. Bali upande wa kusini, kando ya mto Mbagathi, iko wazi. Wanyama hutokea huko kwenda malisho ya Kitengela na nyanda za Kajiado, na simba huwafuata. Mwezi wa Juni 2012 wenyeji wa Kitengela, baada ya mifugo yao kuuawa, waliwaua simba sita.

Mahali kama hapo mlinzi afaaye ni mwenyeji. Tangu mwaka 1948 Kenya imekuwa na polisi wa akiba, watu wenye ng'ombe na maduka yao ambao huitwa kusaidia, na sheria ya mwaka 2011 iliwathibitisha. Huko Mlima Kenya kiko kikosi cha doria kipandacho farasi. Je, mtu wa Kitengela akitaka kufanya doria hivyo, yampasa kujua nini?

Faida ni dhahiri. Udongo mweusi wa huko ukinyeshewa hunasa magari, lakini farasi hupita. Aliye juu ya tandiko huona mbali kupita majani, na swala hawamkimbii kama wamkimbiavyo mtu wa miguu.

Gharama nayo isisahauliwe. Farasi mmoja hunywa kama madebe mawili ya maji kwa siku, katika nchi kavu. Tena uko ugonjwa wa farasi uenezwao na visubi, wadudu wadogo waumao hasa usiku. Punda milia, ambao wamejaa nyanda hizo, huubeba wala hawaugui. Farasi wengi waupatao hufa, na dawa ya kuuponya hakuna. Kwa hiyo saisi hana budi kumchanjisha farasi mapema, na kumfungia bandani penye wavu mwembamba kabla jua halijatua.

Basi doria ya farasi ni ya mchana, na simba huja usiku. Usiku boma hulindwa kwa njia nyingine, kama zile taa za kumetameta alizozibuni Richard Turere wa Kitengela angali mtoto. Kazi ya mpanda farasi huanza alfajiri: kufuata nyayo, kung'oa mitego ya waya, na boma likiwa limevamiwa, kufika kabla vijana hawajakusanyika na mikuki. Yeye si hakimu. Awaite maofisa wa Shirika la Wanyamapori, kisha akae hapo na mwenye boma, azuie mzoga usiguswe mpaka wauone, kwa maana sheria ya mwaka 2013 yampa mwenye mifugo haki ya kudai fidia, na dai bila ushahidi ni gumu kukubaliwa.