"Tu" na "Pekee": Lugha ya Ushauri wa Malezi miongoni mwa Majirani wa Kibera na Kawangware

Utangulizi

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mtoto mchanga hana siri. Chumba hutenganishwa na kingine kwa ukuta wa mabati, pengine wa udongo uliokandikwa juu ya fito, na kilio cha usiku hufika hadi mlango wa nne au wa tano. Kunapopambazuka, mama aliyekesha hukutana na wenzake bombani au penye kamba ya kuanikia nguo, na kabla hajafungua kinywa huulizwa: "Huyo mtoto alikuwa na nini jana usiku?" Swali hilo ndilo mlango wa ushauri. Anayeulizwa hakuomba shauri, wala anayeuliza hakungoja kuombwa.

Makala hii inachunguza lugha ya ushauri huo. Inanuia kuonyesha kwamba viungo vidogo vya sarufi ya Kiswahili, yaani kiambishi -ka-, neno tu na neno pekee, hubeba uzito ambao wakati mwingine huamua afya ya mtoto. Majina ya watu yaliyomo katika mifano ni ya kubuni, na semi zenyewe zimeachwa katika Kiswahili cha Nairobi bila kusanifishwa.

Kibera haikuanza kuwa mtaa wa lugha nyingi jana. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari katika jeshi la King's African Rifles, walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe hutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu au kichaka. Heine (1982) alikieleza Kinubi cha Kibera kama krioli yenye msingi wa Kiarabu. Baadaye walikuja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo. Kawangware nayo, iliyo upande wa Dagoretti, ina Wakikuyu na Waluhya wengi wanaopakana ukuta kwa ukuta. Katika ploti ya aina hiyo, mama mgeni na jirani yake mara nyingi hawana lugha nyingine ya kuzungumzia tumbo la mtoto ila Kiswahili. Tafiti kuhusu lugha ya Nairobi, mathalani ile ya Abdulaziz na Osinde (1997), zimewaandama zaidi vijana na Sheng yao. Akina mama wa bombani hawajapata bahati hiyo, nao ndio wanaowasikilizisha watoto hao maneno yao ya kwanza.

Haki ya kushauri

Mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa huanza kufifia. Huitwa Mama Baraka au Mama Akinyi, na majirani waweza kuishi naye miaka mitatu wasijue jina lililo katika kitambulisho chake. Jina hilo ni la heshima, lakini pia ni cheo. Mama Baraka ambaye Baraka wake yuko darasa la tano humshauri Mama Akinyi ambaye Akinyi wake ana wiki tatu. Kinyume chake hakisikiki kwa urahisi. Juu ya wote hukaa shosho, neno lililotoka katika Kikuyu na kuenea hata kwa wasio Wakikuyu, kwani bibi wa yeyote katika ploti huwa shosho wa wote. Mwuguzi wa kliniki, hata awe na shahada, akiwa msichana asiye na mtoto huweza kusikilizwa kwa adabu na kisha kuachwa. "Huyo hata hajazaa" ni hukumu isiyo na rufani.

Kwa hiyo anayeshauri huwa na mamlaka, ila mamlaka hayo yana mipaka. Brown na Levinson (1987) wanadai kwamba ushauri hutishia uso wa msikilizaji, kwa maana huingilia uhuru wake wa kutenda. Katika ploti tishio hilo ni kubwa maradufu, kwa sababu watu wanaoshiriki bomba moja na choo kimoja hawawezi kukorofishana asubuhi kisha wakaepukana jioni. Ndipo Kiswahili kinapowapa ngazi za kupandia. Jirani ana uwezo wa kusema "Mpe uji", kwa hali ya kuamrisha, lakini hiyo ni kauli ya shosho au ya dada wa damu. Akisema "Umpe uji", kwa kitenzi kinachoishia kwa -e, amri imelainika. "Si umpe uji?" huigeuza kuwa swali ambalo jibu lake limo ndani yake. "Ungempa uji" huiweka katika dhana. "Sisi huwa tunawapa uji" haimtaji msikilizaji hata kidogo, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa anayeikataa huwa amekataa desturi ya wote waliosimama hapo. Kuna pia kauli ya kutendwa yenye ukanushi: "Mtoto hapewi mayai kabla hajaongea." Nani hampi? Sarufi haisemi. Katazo lisilo na mtenda halina wa kuulizwa sababu.

"Nilimpa akanyamaza"

Hoja kuu ya jirani huwa ni ushuhuda. Huanza kwa "Mimi wangu": "Mimi wangu nilimpa maji ya sukari akanyamaza." Vitabu vya sarufi hufunza kwamba -ka- huonyesha mfuatano wa matendo, na maelezo hayo ni sahihi. Katika mazungumzo hata hivyo msikilizaji hupokea zaidi ya mfuatano. Husikia kwamba mtoto alinyamaza kwa sababu alipewa maji ya sukari. Kiambishi hiki kimoja huunganisha matukio mawili kwa ukaribu mno hata yale yanayoweza kuwa kati yao, kama vile kwamba ilikuwa saa tisa za usiku na mtoto alikuwa amechoka, hayapati nafasi ya kutajwa. Msimulizi hadanganyi. Anasimulia kwa nyenzo ambazo lugha yake imempa, na nyenzo hiyo hukiunganisha kisababishi na tokeo bila kutoa dhamana. Walimu wanaofundisha viambishi vya wakati wangefaa kuutumia mfano wa aina hii badala ya ule uliochoka wa Juma kwenda sokoni akanunua samaki.

"Ni meno tu"

Mtoto wa miezi saba anahara. Katika Kiswahili cha Nairobi husemwa kwamba "anaendesha", tafsida iliyozoeleka hata haihisiwi tena kuwa tafsida. Jirani humtazama, humtia kidole kwenye ufizi na kusema: "Huyo ni meno tu." Kwa umbo, hiyo ni kauli ya kuarifu. Kwa mujibu wa Austin (1962) na Searle (1969), kauli hutenda zaidi ya kuarifu. Maneno hayo manne hutenda mambo mawili kwa pamoja: humtuliza mama, na humwambia asiende hospitali. Kazi ya pili hufanywa na tu. Likiondolewa, "huyo ni meno" hubaki kuwa maelezo tu ya chanzo. Likirudishwa, ugonjwa hupunguzwa mpaka ukawa si ugonjwa.

Hapa ndipo lugha inapogusa uhai. Meno ya kwanza huchomoza aghalabu kuanzia mwezi wa sita au karibu na hapo. Huo ndio umri ambao mtoto huanza kutambaa, kuokota vitu sakafuni na kuvitia kinywani, na kula vyakula vingine mbali na maziwa ya mama, huku kinga aliyorithi tumboni ikiwa imepungua. Kuhara na kuota meno hukutana kwa umri, si kwa sababu. Jirani ameona kweli kwamba mambo hayo huandamana. Kosa liko katika daraja analojenga baina yao. Wakati daraja hilo likivukwa, mtoto huendelea kupoteza maji, utosi hubonyea, na siku mbili zimepita.

Haifai kulihukumu kosa hili kuwa la Kibera pekee. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, neno degedege limewahi kufanya kazi inayofanana nalo. Mtoto mwenye homa kali anapotikisika na kukakamaa, jina hilo huelekeza fikira kwa pepo au ndege apitaye usiku, na hivyo kwa mganga kabla ya zahanati, hali chanzo mara nyingi huwa malaria. Jina la ugonjwa huwa tayari limebeba ushauri ndani yake.

Ushauri ulio sahihi nao hupotea njiani kwa namna yake. Kliniki hufunza kwamba paketi ya chumvichumvi ikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, visiwe vya kulundika. Kufikia mlango wa tatu, maneno yaliyobaki ni "sukari na chumvi". Nambari hazidumu katika masimulizi, hudumu majina. Na chumvi ikizidi, kinywaji hicho hudhuru. Tangu mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza pia zinki kwa siku 10 hadi 14, lakini jambo la siku kumi na nne halisimuliki kwa urahisi bombani, kwa kuwa kuhara huwa kumekoma siku ya nne na kisa kimekwisha.

"Maziwa pekee"

Neno linalostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni pekee. Mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani lilipendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kabla ya hapo ilisemwa kuwa miezi 4 hadi 6. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika ploti. Shosho anaposema kwamba mtoto wa miezi minne apewe uji, si lazima awe anatetea mila ya kijijini. Huenda anarudia alichoambiwa na kliniki alipowalea wanawe. Kwa masikio ya mkaza mwanawe, shosho anapinga hospitali. Kwa fahamu zake mwenyewe, anaitii.

Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa afya zinaonyesha kwamba watoto wa chini ya miezi 6 walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee nchini Kenya walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, 32 mwaka 2008 na 2009, na 61 mwaka 2014. Mabadiliko hayo ni makubwa, na ni wazi kwamba ujumbe umesikika. Swali la mwanaisimu ni ujumbe gani uliosikika. "Mpe maziwa ya mama pekee" ni sentensi safi kisarufi, lakini pekee hutenga vitu vya kundi moja na kile kinachotajwa. Maziwa ni chakula. Basi pekee huondoa vyakula vingine. Maji si chakula. Dawa ya gesi inayonunuliwa dukani si chakula. Mama aweza kumpa mwanawe vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu mchana wa jua kali, kisha akamjibu mwuguzi kwa moyo mweupe kwamba anampa maziwa pekee. Hajasema uongo. Mwuguzi na mama wametumia neno moja wakiwa na orodha mbili tofauti vichwani mwao.

Gharama ya kutoelewana huku haikuwa ndogo. Utafiti uliofanywa Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI, kuchanganya maziwa ya mama na vyakula au vinywaji vingine kulihusishwa na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuambukizwa kuliko kunyonyesha maziwa ya mama pekee. Katika miaka ambayo dawa hazikuwafikia wengi, neno pekee lilikuwa na uhai wa mtoto ndani yake. Isitoshe, mama aliyeshauriwa asinyonyeshe kabisa alikabiliwa na swali jingine la bombani: "Mbona hunyonyeshi?" Katika ploti isiyo na siri, chupa ya maziwa ilitangaza kile ambacho kadi ya kliniki ilificha, na wapo walionyonyesha mchana mbele za watu kwa ajili hiyo. Tangu mwaka 2010, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeruhusu kunyonyesha huku mama au mtoto akitumia dawa, jambo lililopunguza mzigo huo.

Je, tu lingefaa badala ya pekee? Watu wa Nairobi hulitumia tu zaidi katika maongezi, na mhudumu wa afya anayetaka kueleweka huenda akavutwa nalo. Lakini tu lina sura nyingi. "Mnyonyeshe tu" huweza kumaanisha asipewe kingine, au mama aendelee bila wasiwasi, au kwamba hakuna la kufanya zaidi. Na likiwa katika swali hugeuka kuwa lawama. Mama anayejitahidi kufuata ushauri wa kliniki huulizwa na jirani, "Kwani anakunywa maziwa tu?", na katika neno hilo husikia kwamba mtoto anashinda njaa, kwamba kifua chake hakitoshi, na kwamba yeye ni mvivu wa kupika uji. Wengi wao huondoka alfajiri kwenda kufua nguo Lavington na Kileleshwa, na mtoto hubaki na jirani yuleyule anayeuliza. Kukamua maziwa na kuyaacha kikombeni hufunzwa kliniki, ila kitenzi chenyewe, ambacho ni cha ng'ombe na mbuzi pia, huwafanya baadhi yao wacheke na kuliacha jambo hapo.

Wahudumu wa afya wa jamii, ambao huishi katika mitaa hiyohiyo na huitwa Mama Fulani kama wenzao, wana nafasi ambayo bango la ukutani halina. Anayejua lugha ya ploti haishii kwenye pekee. Huivunja orodha kipande kwa kipande: si uji, si maziwa ya ng'ombe, si dawa ya gesi, hata maji, hata ya kijiko. Hapo kazi hufanywa na hata, neno ambalo huenda mpaka kwenye kitu cha mwisho ambacho msikilizaji hakudhani kinahesabiwa. Huuliza pia kwa namna isiyomtia mama aibu. Badala ya "Unampa maziwa pekee?", swali ambalo lina jibu moja tu la adabu, husema: "Jana jua lilikuwa kali sana, Akinyi alikunywa nini na nini?"