SOMO: Deni wakati wa kuishi kwa msaada – njia gani ya kupunguziwa mzigo?

Ndugu wasomaji, na ninyi viongozi wa kambi, wa mitaa na wa kamati za amani, pengine mtajiuliza kwa nini gazeti la amani linaongea juu ya deni. Sababu ni kwamba katika mabishano yanayoletwa mbele ya kamati zetu, mengi yanaanza na pesa ndogo. Mtu alikopa unga dukani, hakulipa, akatukanwa. Watoto wakapigana. Kesho yake watu hawasemi tena «fulani ana deni», wanasema «hawa watu waliokuja ni wezi». Deni la mtu mmoja limegeuka kuwa deni la kabila zima.

Katika inchi kama Ubelgiji, mtu akipoteza kazi anapata pesa kidogo kila mwezi kutoka kwa serikali, na juu ya pesa hiyo anaweza kupanga namna ya kulipa madeni yake. Kwetu Congo hakuna msaada wa namna hiyo. Sheria ya 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inaongelea posho za familia, ajali na magonjwa ya kazi, na pensheni. Mtu asiye na kazi hamo. Kwa mkimbizi wa ndani, kinachosimama pahali pa mshahara ni msaada unaogawanywa, kibarua cha siku mbili tatu, na mkono wa ndugu. Hakuna hata kimoja kinachokuja kwa tarehe ya hakika. Basi swali letu ni hili: mtu anayeishi hivyo, akipewa njia mbalimbali za kupunguziwa deni, achague ipi?

Kwanza, tambua deni linalokua

Keti pamoja na mwenzako wa nyumba. Andikeni madeni yote, pia yale ya aibu: duka, kodi ya nyumba, hospitali, masomo ya sekondari, kikundi cha akiba cha kijijini, COOPEC, ndugu, na yule mkopeshaji wa mtaani ambaye watu wanamwita bank Lambert. Wengi wanapanga madeni kwa ukubwa na kuanza kuhangaikia lile kubwa. Hapo wanapotea. Deni la dola 200 kwa shemeji lisilo na riba linaweza kungoja. Deni la dola 50 kwa bank Lambert haliwezi.

Tufanye hesabu. Umekopa dola 50, na riba ni 30 kwa mia kila mwezi. Ukilipa riba peke yake, unatoa dola 15 kila mwezi. Baada ya miezi sita umekwisha kutoa dola 90, na zile 50 bado ziko palepale. Usipolipa kitu na riba ikaongezwa juu ya deni, mwezi wa kwanza utadaiwa 65, wa pili 84 na nusu, wa tatu karibu 110. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuomba kwa mkopeshaji wa namna hii ni kwamba riba isimame. Akikupa muda mrefu bila kusimamisha riba, hajakusaidia, amekufunga kamba ndefu zaidi.

Njia zilizopo

Ya kwanza ni kuongezewa muda. Hiyo inafaa wakati unajua kitu fulani kitakuja: mavuno, kazi iliyoahidiwa, pesa ya ndugu. Kama hujui, ni kuhamisha shida tu.

Ya pili ni kugawanya deni katika malipo madogo. Kwa familia nyingi ninazoziona, hii ndiyo njia bora, kwa sharti moja: kiasi kitoke ndani ya sufuria yako, si katika hasira ya anayekudai. Tuseme vibarua vinakuletea franka 40,000 kwa mwezi, na chakula, sabuni na dawa vinakula 34,000. Zinabaki 6,000. Usiahidi 6,000, maana mtoto mmoja akishikwa na malaria umekwisha kuvunja neno. Ahidi 4,000. Mdai atataka 10,000, na mbele ya watu utaona haya kukataa. Lakini ahadi ya 10,000 inayovunjika mwezi wa pili inaleta ugomvi kuliko ahadi ya 4,000 inayotimizwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini dawa nayo ina kipimo chake.

Ya tatu ni kusamehewa sehemu. Deni la 60,000 kwa malipo ya 4,000 linachukua miezi 15. Mdai akikubali kupunguza 12,000, yanabaki 48,000, nawe unamaliza kwa miezi 12. Wadai wengine wanakubali, kwa sababu pesa kidogo ya hakika inawafaa kuliko pesa nyingi ya kusubiri. Ila msamaha uombwe, usilazimishwe. Nimeona viongozi wakimwambia mwenye duka, «hawa ni wakimbizi, uwasamehe wote». Mwenye duka mara nyingi ni mjane anayenunua bidhaa kwa mkopo vilevile. Akilazimishwa leo, kesho hatampa mkimbizi yeyote hata gilasi ya maharagwe, na jamii iliyowapokea itaanza kufunga milango.

Ya nne ni kulipa kwa kazi: kumlimia mdai, kumjengea, kumfulia. Ni njia nzuri kama siku zinahesabiwa na bei ya siku ni ile ile inayolipwa watu wengine pale mtaani. Bila hesabu, ni utumwa. Na mtoto asitolewe kulipa deni la mzazi, si kwa kazi ya nyumbani, si kwa ndoa. Katika hili kamati isiwe na majadiliano.

Ya tano ni kukopa pahali pengine ili kulipa deni la kwanza. Inafaa tu kama mkopo mpya una riba ndogo sana au hauna, kwa mfano kwa ndugu au katika likirimba ambayo zamu yako iko karibu. Kukopa kwa Lambert mmoja ili kumlipa Lambert mwingine si njia ya kupunguza deni hata kidogo.

Vitu viwili visiwekwe rehani

Cha kwanza ni kadi ya msaada. Mtu akimwachia mkopeshaji kadi yake, siku ya ugawaji mkopeshaji ndiye anakula, na watoto wanaomba kwa majirani. Deni halikuisha, limehamia kwa jirani. Pesa ya msaada ikija, inunue chakula kwanza. Kinachobaki ndicho kilipe deni.

Cha pili ni shamba, na hapa nataka tukae kidogo. Mtu wa Masisi, Rutshuru au Djugu aliyekimbia anafikiri shamba lake halina kazi tena. Mkopeshaji anamwambia: «Tia mkono hapa, utalikomboa ukirudi.» Karatasi haisemi bei ya kukomboa wala tarehe. Miaka inapita, mwenye shamba anakufa kambini, watoto wanarudi na kukuta mtu mwingine analima, naye anaonyesha karatasi yenye kidole cha baba yao. Wote wawili wanajiona wana haki. Tunajua katika majimbo yetu ugomvi wa namna hiyo unaishia wapi. Deni la dola 100 halistahili hatari hiyo.

Tena, shamba si la mtu mmoja. Sheria ya 15 Julai 2016 iliyobadilisha Kodi ya Familia inataka mume na mke wapatane katika mapatano ya kisheria yanayowafunga. Mzee anayetia mkono peke yake wakati mama yuko sokoni amewatengenezea watoto wake kesi.

Kasho si njia ya kudai

Wadai wengi wanakimbilia polisi. Mdaiwa anawekwa kasho, familia inauza sufuria ili kumtoa, na pesa hiyo mara nyingi haifiki hata kwa mdai. Congo iliingia mwaka 1976 katika Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa. Sehemu ya 11 inasema kwamba mtu hawezi kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Kushindwa kulipa si kosa la jinai. Ni jambo lingine kama mtu alidanganya ili apate pesa, au aliuza mali aliyokabiziwa kuitunza. Huo ni udanganyifu au kuvunja uaminifu, na sheria inaadhibu. Kiongozi ajue kutofautisha, kwa maana wadai wengine wanageuza deni la kawaida kuwa mashitaka ya udanganyifu ili tu mtu afungwe.

Mahali ambapo tribinali inafanya kazi, kuna mlango mwingine ambao watu wachache wanaujua. Congo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria yake juu ya kudai madeni inampa hakimu uwezo wa kuahirisha au kugawanya malipo, akiangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, bila kupita mwaka mmoja. Deni la chakula cha malezi halimo katika ruhusa hiyo. Safari ya tribinali ina gharama, kwa hiyo kwa deni dogo baraza la mtaa ni afadhali. Lakini mfano huo wa sheria unaweza kulisaidia baraza: hata hakimu anaangalia pande zote mbili.

Vikundi vya akiba vilivyotawanyika

Wengi wetu tulikuwa katika AVEC, njia iliyoanzishwa na CARE kule Niger mwaka 1991: sanduku lenye kufuli tatu, kila juma watu wanaweka akiba, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Vita ikija, sanduku linapotea, mwenye ufunguo mmoja yuko Bunia, mwingine Uganda. Waliokopa wanasema, «kikundi kimekufa, deni limekufa». Walioweka akiba wanasema wameibiwa. Shauri langu: wale waliopo wakutane, waandike upya daftari kutoka katika kumbukumbu, kila mtu aseme alichoweka na alichokopa mbele ya wenzake. Akiba ya mtu iondolewe kwanza katika mkopo wake. Mara nyingi mtu aliyefikiri anadaiwa 50 anakuta anadaiwa 20. Riba ya muda wa kukimbia ifutwe kwa wote, si kwa rafiki za prezida tu.

Kwa wale wenye mkopo wa benki au COOPEC: milango kufungwa si sawa na deni kufutwa. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, mabenki yalifunga, watu hawakufikia hata pesa yao wenyewe. Tunza karatasi zako zote. Siku ofisi ikikusikiliza, omba kwa maandishi riba ya muda ule isihesabiwe.

Kuandika mapatano

Mkisha kusikilizana, andikeni siku ileile. Karatasi iseme deni ni kiasi gani, riba imesimama tangu lini, malipo ni kiasi gani na siku gani. Iseme pia ni franka au dola. Mwaka 2025 bei ya dola mbele ya franka ilishuka kwa haraka katika majuma machache, na watu waliokuwa wameandika «pesa» tu waligombana. Andikeni tena neno ambalo wengi wanasahau: itakuwaje kama msaada umechelewa, au kama tutakimbia tena? Kwa mfano, malipo ya mwezi huo yanasogea mwishoni bila adhabu. Shahidi mmoja atoke upande wa mdai na mmoja upande wa mdaiwa, na kama hao wawili ni wa makabila mbalimbali, ni vizuri zaidi. Nakala ziwe mbili. Kila malipo yapate karatasi, au ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money usiofutwa. Na kiongozi anayesuluhisha asichukue sehemu ya pesa inayolipwa. Siku anapochukua, yeye amekuwa mdai wa tatu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

Katika mtaa au kambi yetu, ni deni la namna gani linaloleta ugomvi zaidi, na linaongezeka kwa riba gani?

Mama mmoja anadaiwa franka 60,000 dukani bila riba, na dola 30 kwa bank Lambert kwa 30 kwa mia. Amepata kibarua kilichomwachia franka 10,000. Alipe wapi, na amwambie nini yule ambaye hakulipwa?

Kuna mtu kati yetu aliyeacha karatasi ya shamba au kadi ya msaada kwa mkopeshaji? Nani katika kamati anaweza kwenda naye, juma hili, kumwomba mkopeshaji airudishe na kuandika mapatano mapya?